Seli Moja Kati ya Majirani Zake

Ngozi ya ng'ombe aliyechinjwa Kakesio huwambwa kwa vigingi, huachwa juani ikauke, na baadaye huwa tandiko la kulalia au mali ya mnadani. Kinachoizuia isichanike ni kolajeni, protini yenye nyuzi inayoshikilia pia kano, mifupa na kuta za viungo vyetu vya ndani. Viwandani ngozi ya namna hiyo hulowekwa kwenye tindikali hafifu pamoja na kimeng'enya cha pepsini mpaka nyuzi zake ziachane. Kinachopatikana ni kimiminika kizito kisicho na rangi, ambacho maabara hukinunua kwa mililita na kwa bei ya kutisha. Kolajeni nyingine hutolewa kwenye kano za mkia wa panya. Ndani ya kimiminika hicho, ambacho huganda kuwa jeli, watafiti hupanga seli za binadamu moja moja, kila seli mahali ilipokusudiwa, ili waone uvimbe wa saratani unavyoanza.

Safu hii inahusu kazi hiyo. Hoja yangu ni kwamba kama kuna saratani duniani inayohitaji kuchunguzwa kwa njia hii, ni saratani ya umio, ile ambayo watu wengi huiita saratani ya koo la chakula. Ndiyo inayotusumbua katika ukanda wetu wa Bonde la Ufa.

Kwa asiyeifahamu, Kakesio ni kata ya wilaya ya Ngorongoro, upande wa kusini-magharibi wa eneo la hifadhi, ukanda ule ule wa Endulen na Laetoli, ambako nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili zimehifadhiwa katika majivu ya volkano kwa zaidi ya miaka milioni 3.6. Watu wake ni wafugaji. Mtu wa huko akianza kukwamwa na chakula, kwanza hulalamikia ugali na nyama. Baadaye anaishi kwa uji, halafu kwa maziwa, mwishoni hata maji yanarudi. Hatua hizo ndizo zile zile kwa mgonjwa wa Rombo, wa Bomet au wa Blantyre. Maji yanapoanza kukwama, uvimbe umekwisha kula sehemu kubwa ya njia, na kinachobaki mara nyingi ni kuweka bomba la kuupanua umio ili mgonjwa ameze siku zilizobaki. Safari ya kutoka Kakesio kwenda kupimwa hupita Endulen, geti la Ngorongoro, Karatu na Arusha hadi hospitali ya KCMC, Moshi. Wengi huianza wakati huo wa maji, si wakati wa ugali.

Mwaka 1971 Paula Cook na Denis Burkitt, yule daktari wa Kampala ambaye jina lake lilibaki kwenye saratani ya taya za watoto, walichapisha ramani ya saratani barani Afrika. Kwenye umio ramani ile ilikuwa na mabaka: magharibi mwa Kenya ugonjwa umejaa, Kilimanjaro vivyo hivyo, kusini mwa Malawi pia, na kumbe si mbali na hapo kuna maeneo ambako madaktari hawauoni kabisa. Miaka zaidi ya 50 imepita na mabaka hayajapata maelezo ya kuridhisha. Jambo jingine linalosumbua ni umri. Mwaka 2010 madaktari wa hospitali ya Tenwek, Bomet, magharibi mwa Kenya, waliandika kuhusu wagonjwa walio chini ya miaka 30. Huko Ulaya na Asia huu ni ugonjwa wa wazee.

Washukiwa wapo wengi: tumbaku, pombe za kienyeji, moshi wa kuni ndani ya nyumba isiyo na dirisha, lishe yenye upungufu, meno mabovu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na kundi la Diana Menya wa Chuo Kikuu cha Moi ulihusisha ugonjwa huu na afya mbaya ya kinywa na madoa ya floraidi kwenye meno. Hilo halishangazi kwa anayeijua ardhi yetu ya volkano, ambako maji ya visima vingi hupaka meno ya watoto rangi ya kahawia. Mshukiwa aliyesemwa zaidi, hata hivyo, ni chai. Mwaka 2015 Michael Munishi na wenzake walipima joto la chai ya watu wa Kilimanjaro wakati wanapoanza kuinywa, wakakuta wastani wa nyuzijoto 70 hivi, na chai ya maziwa ilinywewa ikiwa ya moto kuliko ya rangi. Mwaka uliofuata Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vinywaji vinavyonywewa vikiwa zaidi ya nyuzijoto 65 huenda vinasababisha saratani. Mwaka 2022 takwimu za wagonjwa wa Malawi na Tanzania zilielekea upande huo huo.

Ukiishia hapo, kesi inaonekana kama imekwisha. Haijakwisha. Saratani inayoletwa na kitu kinachoharibu DNA moja kwa moja, kama moshi wa sigara au jua kali kwenye ngozi, huacha alama zinazosomeka ndani ya vinasaba vya uvimbe. Mwaka 2021 timu kubwa ya kimataifa ilisoma vinasaba vyote vya uvimbe wa umio kutoka kwa wagonjwa 552 wa nchi nane, zikiwemo Tanzania, Kenya na Malawi. Walitegemea kukuta alama ya pekee katika nchi zenye ugonjwa mwingi. Hawakuiona. Uvimbe wa Moshi na uvimbe wa Uingereza ulifanana kwa kiasi kikubwa katika namna DNA yake ilivyoharibika, ingawa uwezekano wa kuugua katika sehemu hizo mbili ni tofauti sana.

Miaka mitatu kabla ya hapo kulitokea jambo la ajabu zaidi. Iñigo Martincorena na wenzake wa Cambridge walichunguza umio wa watu wasio na saratani, wakakuta kwamba mtu akishafika umri wa makamo, eneo kubwa la utando wake limekwisha kuchukuliwa na seli zenye mabadiliko ya vinasaba, hasa katika jeni ya NOTCH1. Mabadiliko hayo yalionekana zaidi katika umio mzima kuliko katika uvimbe wenyewe. Kisha mwaka 2021 kundi la Philip Jones likaonyesha kwa panya kwamba baadhi ya seli hizo zilizobadilika huuzidi nguvu uvimbe mchanga ulio jirani yao na kuusukuma nje ya utando ukapotea.

Kwa hiyo kuwa na seli iliyobadilika si habari. Sote tunazo. Kinachoamua ni nani amekaa kando yake, ametulia au amejeruhiwa, na sakafu waliyosimama juu yake imekazwa kiasi gani. Swali la aina hii halijibiwi kwa kusaga uvimbe na kusoma DNA yake, kwa sababu ukiusaga umeshawatawanya majirani wote.

Historia yetu ilituzoesha njia nyingine. Mwishoni mwa mwaka 1963 kipande cha uvimbe wa mtoto wa Uganda kilisafirishwa kwa ndege kwenda kwa mtafiti Anthony Epstein, London. Ukungu ukaifanya ndege itue Manchester, na chupa ilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyooza. Badala ya kuitupa, Epstein aliweka tone chini ya hadubini na kukuta seli zenye uhai, zimetikiswa zikatoka kwenye kipande, zinaelea zenyewe. Kutokana na seli hizo alipata mstari wa seli za saratani ya Burkitt uliokubali kukua maabara, na mapema mwaka 1964, kwa hadubini ya elektroni, virusi vinavyobeba jina lake na la Yvonne Barr vikaonekana. Ni moja ya hadithi kubwa za tiba zilizoanzia Afrika Mashariki. Lakini ilifanikiwa kwa sababu ile ni saratani ya seli za damu, nazo hazina shida na kuelea. Seli ya umio ukiielesha hufa, au ikiambaa chini ya sahani ya plastiki hujibadili umbo na tabia. Inataka kukanyaga kitu na kushikana na wenzake.

Mina Bissell, mtafiti wa Berkeley, alilisisitiza jambo hili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wengi walipoona ni falsafa tu. Mwaka 1984, yeye na David Dolberg walionyesha kwamba virusi vya Rous, vinavyompa kuku uvimbe mkali, vikiingizwa kwenye kiinitete cha kuku havileti uvimbe. Jeni ya saratani ilikuwepo ndani ya seli. Mazingira yaliikatalia.

Basi tuje kwenye jeli yenyewe. Kolajeni hukaa kwenye friji ikiwa na tindikali, kimiminika. Ukiichanganya kwa haraka na alkali kidogo juu ya barafu ili tindikali iishe, kisha ukaipeleka kwenye joto la mwili, nyuzijoto 37, ndani ya nusu saa hivi nyuzi hujisuka zenyewe na chombo kizima kinaganda. Anayeifanya kwa mara ya kwanza hukosea kwenye barafu: mkono wake una joto, pipeti ina joto, na jeli inaganda nusu kabla haijafika chomboni, ikawa na madonge. Ukiipata vizuri ni laini kuliko ndizi mbivu, na chini ya hadubini ni msitu wa nyuzi ambamo seli inaweza kutambaa, kuvuta na kukata njia.

Kumwaga seli kiholela ndani ya jeli ni kazi ya miongo mingi. Jambo jipya ni kuzipanga. Kundi la Zev Gartner, San Francisco, lilichapisha mwaka 2015 namna wanavyofanya. Huchapa vidoa vya nyuzi fupi za DNA kwenye kioo, kila kidoa mahali pake. Seli nazo huvishwa nyuzi za DNA zenye mkia wa mafuta unaojichomeka kwenye ngozi ya seli. Seli zikipitishwa juu ya kioo, uzi wa seli na uzi wa kidoa vilivyoandikwa kulingana hushikana, visivyolingana vinaachana. Seli za aina ya pili zikija, zinashika vidoa vyao au zinapanda juu ya zile za kwanza. Kisha inamiminwa kolajeni baridi, inaganda, kimeng'enya kinakata nyuzi za DNA, na jeli inabanduliwa kwenye kioo ikiwa na seli zake zote mahali pale pale, kwa kosa la upana wa seli moja au chini ya hapo. Sasa unaweza kusema: nataka seli moja yenye jeni mbovu, izungukwe na sita nzima, na mikromita mia kutoka hapo niwekee nyingine kama hiyo isiyo na jirani hata mmoja.

Na majibu yamekwisha kuja, hasa kwa seli za titi. Mwaka 2012 Cheuk Leung na Joan Brugge wa Harvard waliwasha jeni za saratani ndani ya seli moja moja zilizozungukwa na majirani wazima. Nyingi zilikaa kimya kabisa. Zilizoanza kukua ni zile zilizosukumwa zikatoka mahali pao, zikaangukia katikati ya kijishimo cha tishu. Mwaka huo huo kundi la Gartner lilichanganya seli zenye jeni ya saratani iitwayo Ras, iliyowashwa, pamoja na seli za kawaida. Kishada kilichokuwa chote na Ras kilitulia. Kishada kilichokuwa na seli moja ya Ras kati ya wazima kilianza kufanya vituko: seli ile ilijitupa nje, au ikaongoza msafara wa seli kupenya kwenye jeli. Utulivu haukuwa sifa ya seli, wala fujo haikuwa. Tofauti kati ya majirani ndiyo iliyozaa vurugu.

Matokeo haya ni ya titi, na umio una utando wa tabaka nyingi unaojichubua na kujijenga kila mara, kwa hiyo sitaki mtu ayahamishe kama yalivyo. Ila yanatupa namna ya kuuliza swali la chai. Hadi leo swali hilo huulizwa hivi: je, joto linaharibu DNA? Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2021 unasema huenda sivyo. Swali lililo bora zaidi ni hili: joto likiua majirani wazima na kuiacha hai seli moja iliyobadilika zamani, nafasi iliyoachwa wazi inajazwa na nani? Umio ulioungua kila asubuhi na kila jioni ni umio unaojenga upya kila siku, na kila ujenzi mpya ni nafasi kwa seli inayogawanyika haraka. Kama ndivyo, chai haihitaji kuacha alama yoyote kwenye DNA. Inafungua mlango tu, na aliyekuwa karibu na mlango anaingia.

Jeli iliyopangwa seli inaweza kulipima hilo kwa kipimo. Weka seli yenye mabadiliko ya TP53, jeni inayoharibika karibu katika kila uvimbe wa umio, katikati ya utando mzima. Choma kidoa kidogo umbali fulani kutoka kwake. Rudia kwa umbali tofauti, rudia kwa siku nyingi mfululizo, na uhesabu.

Hapa kuna mtego ambao naona watu wengi wataingia. Chai ya nyuzijoto 70 kwenye kikombe si nyuzijoto 70 kwenye umio. Vipimo vya De Jong na wenzake vya mwaka 1972 vilionyesha kwamba kinywaji cha nyuzijoto 65 hupandisha joto ndani ya umio kwa nyuzi 6 hadi 12 hivi, na kinachoamua zaidi ni ukubwa wa funda. Anayenyonya chai kwa kuipuliza na anayegugumia mafunda makubwa kutoka birika moja hawachomeki sawa. Anayemwaga maji ya nyuzijoto 70 juu ya jeli yake basi anapima kitu kisichotokea kwa mtu yeyote, tena anaiharibu sakafu yenyewe: nyuzi za kolajeni zikipashwa hadi huko husambaratika na kuwa jelatini, ile ile ya mchuzi wa makongoro uliopoa. Seli zitakimbia na kuchanganyikana, makala itaandikwa, na kilichobadilika kitakuwa jeli. Joto la kuanzia liwe kati ya nyuzijoto 43 na 50, kwa sekunde chache, na lazima kuwe na jeli isiyo na seli inayopitishwa kwenye joto lile lile ili kuona kama imelegea. Hilo la mwisho ni rahisi, na ndilo husahaulika.

Ugumu wa jeli nao si jambo dogo. Mwaka 2005 Matthew Paszek, Valerie Weaver na wenzao walionyesha kwamba seli za titi zilizokuwa zimetulia kwenye jeli laini zilianza tabia za uvimbe jeli ilipokazwa, bila kubadilisha jeni hata moja. Umio ulioungua mara nyingi huweka makovu, na kovu ni kolajeni iliyokazwa na kulazwa upande mmoja. Kwa hiyo madhara ya chai ya miaka 20 huenda yapo zaidi sakafuni kuliko kwenye seli.

Kwa nini nasema kazi hii ifanyike kwa tishu za hapa? Kwa sababu mistari ya seli za saratani ya umio inayotumika zaidi duniani, mfululizo wa KYSE na wa TE, ilitoka kwa wagonjwa wa Japani. Afrika Kusini ilitoa yake, lakini ile si Bonde la Ufa. Mgonjwa wa miaka 28 wa Bomet au wa Ngorongoro, aliyekulia kwenye moshi, maji ya floraidi na chai ya moto tangu utotoni, hawakilishwi na seli za mzee wa Kyoto aliyekuwa mvutaji wa sigara na mnywaji wa sake. Na zaidi ya seli za saratani tunahitaji zile nzima zinazozizunguka, pamoja na zile zinazofuma kolajeni ya mgonjwa huyo huyo. Majirani hawaagizwi kwa katalogi.

Sisemi Moshi inunue mtambo wa San Francisco. Kuna njia ya zamani zaidi, ya Celeste Nelson na Bissell: stempu ya silikoni yenye vinundu inakandamizwa juu ya kolajeni inapoganda, ikiondolewa inaacha vishimo vya umbo unalotaka, na seli zinamiminwa zijae humo. Stempu moja hutumika mara nyingi. Haikupi seli moja moja kwa uhakika ule wa DNA, lakini ukichanganya seli moja yenye rangi kati ya mamia, baadhi ya vishimo vitapata moja na utavichagua kwa hadubini. Kolajeni nayo inasafiri vizuri kuliko ile jeli maarufu inayotolewa kwenye uvimbe wa panya, ambayo lazima ifike ikiwa imegandishwa. Kolajeni yenye tindikali inataka friji ya kawaida tu, na ikigandishwa ndipo inaharibika. Umeme ukikatika usiku, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama wiki ijayo kuna kazi.

Wapo wanaotangaza kwamba mifano hii ya uvimbe itamchagulia kila mgonjwa dawa yake. Kwa mgonjwa wa umio wa ukanda wetu, anayefika wakati wa maji, sioni hilo likimfikia karibuni. Jeli huchukua majuma kukua, naye hana majuma. Faida ninayoitegemea ipo mbali zaidi na mgonjwa na karibu zaidi na jiko: kujua kama ushauri wetu uwe wa joto la kikombe, wa ukubwa wa funda, wa moshi, au wa idadi ya mara ambazo umio huunguzwa kabla haujapona. Leo tunawaambia watu waache chai ipoe dakika chache, na ni ushauri mzuri usio na gharama. Lakini mfugaji anayeondoka na ng'ombe alfajiri, kwenye baridi ya nyanda za Ngorongoro, ana haki ya kuuliza ni dakika ngapi, na kwa nini babu yake alikunywa hivyo hivyo akafa kwa uzee.

Kuna suala la idhini, na ndilo litakaloamua kama mambo haya yataanza. Kipande cha umio kikichukuliwa kwa endoskopi, sehemu kinakwenda kwa daktari wa patholojia. Sehemu inayobaki ikipelekwa nje ya nchi inahitaji mkataba unaopitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mikataba mingi niliyoisoma huzungumzia sampuli kana kwamba ni kitu kitakachoisha. Seli zilizopangwa kwenye jeli haziishi: zinagawanyika, zinagandishwa, zinatumwa kwa wengine, na miaka 60 baada ya ile ndege ya Manchester bado kuna maabara zinazokuza vizazi vya seli za watoto wa Afrika. Mzee wa Kakesio aulizwe kwa Kimaasai, na aelezwe kwamba kitakachobaki maabara kitaendelea kuwa hai. Fomu iseme pia ni nani atakayekuwa na ufunguo wa friji. Kwa maoni yangu ufunguo huo ukae Moshi, na anayeutaka aje na hadubini yake.